Baba Aliyekimbia Jukwaani

"Tulia, Mwalimu. Ukicheka tena nitakuachia kipara upande mmoja."

"Sikucheki wewe. Nacheka hii." Mwalimu aliinua simu mpaka usawa wa kioo. Ni mstaafu, mteja wangu tangu nianze kunyoa. "Sikiliza mhakiki anavyousifu mchezo wa mkeo. 'Kijana anayefungasha nguo na kumkimbia binti aliyejifungua ndiye mhusika wa kweli kuliko wote. Tunamfahamu. Yuko kila mtaa.'"

Mashine iliendelea kunguruma, mkono wangu ukasimama.

"Kijana gani aliyekimbia?"

"Si baba wa mtoto? Na bango limeandikwa 'kisa cha kweli'. Usininunie. Nilikuona na mbeleko mgongoni, siwezi kukataa. Nikadhani labda ulikimbia kwanza, ukarudi baadaye."

"Mwalimu, sikio lako la kushoto nani alilikata?"

Akapapasa kovu. "Wewe."

"Ilikuwaje?"

"Mtoto alikupiga teke kwenye kiwiko."

"Mtoto alikuwa wapi?"

"Mgongoni kwako. Bado kichanga, hata shingo haijakaza."

"Sasa hapo nilikuwa nimekimbilia wapi?"

Akafikiri. "Ndiyo hivyo, lakini wameandika."

Niseme ukweli: mchezo wenyewe sikuwa nimeuona. Mke wangu ndiye aliyeutunga na ndiye anayeigiza kama mama kijana. Na kila akienda jukwaani, kuna mtu lazima abaki nyumbani amwogeshe mtoto, amlishe na kumsimulia habari za sungura mpaka alale. Mtu huyo ni mimi. Mji mzima umenitazama nikikimbia, isipokuwa mimi mwenyewe.

Nikamwandikia ujumbe: "Nani amekimbia?"

Akajibu: "Tutaongea nyumbani."

Nikaandika: "Nyumbani ndiko niliko siku zote."

Jioni nilifunga kibanda mapema, nikamfuata binti yetu shule ya chekechea. Tunamwita Nukta, kwa jinsi alivyozaliwa mdogo. Alinipa mkono kama kawaida, tukatembea, akawa kimya. Nukta hajui kunyamaza, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Baba, ulirudi lini?"

"Kutoka wapi?"

"Ulikokimbilia. Mama yake rafiki yangu amesema ulinikimbia nilipozaliwa. Ameona kwenye mchezo wa mama."

Nilichutama nikajifanya namfunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Sikutaka anione uso.

"Sikuwahi kwenda popote," nikamwambia.

"Mama ni muongo?"

"Twende nyumbani."

Mama Nukta alipoingia, mtoto alikuwa kwa jirani. Niliomba akae huko kidogo, maana kuna maneno hayafai masikio madogo.

"Umesoma," akasema, hata mkoba hajautua.

"Nimesomewa, nikiwa na kichwa cha mtu mkononi. Keti."

Akaketi.

"Ngoja nikueleze, Baba Nukta. Niliandika ukweli. Niliandika baba yangu aliponifukuza, nikaandika stoo ya mama yako tuliyolala juu ya magunia, nikakuandika wewe ulivyoacha shule ukashika mashine. Mwongozaji akasoma akasema, 'Huyu kijana ni malaika, nani atamwamini? Watu wanataka uhalisia. Mkimbize.' Nikakataa. Akasema basi hakuna jukwaa."

"Ukanikimbiza."

"Nikakukimbiza."

"Na bango likabaki 'kisa cha kweli'."

Akautua mkoba sakafuni.

"Hata kuniambia?"

"Niliogopa. Nikajipa moyo kwamba hutauona, maana kila nikiigiza wewe uko na mtoto."

Nilicheka, na hakikuwa kicheko kizuri.

"Yaani kwa sababu nipo, ndiyo maana ukaweza kusema sipo."

Alifunika uso kwa viganja. Mimi nilikuwa nimeshapanda, sishuki.

"Unajua vijana wa pale kona walikuwa wananiita nani? Yaya. Mwanaume na mbeleko, wakapiga na miluzi. Nikameza, kwa sababu ulikuwa darasani unamalizia ulichokatishwa. Wanasema mwana hutazama kisogo cha nina. Huyu wa kwetu kisogo alichokitazama ni changu. Sasa unanitoa ili mtu asiyenijua akupigie makofi? Makofi ni msala upitao, mama. Mbachao ni mimi."

"Usiseme hivyo."

"Nukta ameniuliza leo nilirudi lini."

Mikono ikashuka usoni. "Amekuuliza nini?"

"Nilirudi lini kutoka nilikokimbilia. Kisha akauliza kama mama yake ni muongo. Sikumjibu. Hilo ni lako."

Hapo ndipo nilipoona limemfika. Hakulia. Mke wangu akiumia sana hukauka, anakuwa kama nguo iliyosahaulika kambani.

"Sitakuomba uache kuigiza," nikasema. "Nilimbeba mtoto ili uweze kusimama pale. Lakini jina langu nalitaka. Si kwa mhakiki wala kwa Mwalimu. Kwa mwanangu."

Tuliishi siku kadhaa kwa salamu na "chumvi iko wapi". Kisha nikiwa kazini simu ikalia.

"Jumamosi mchana kuna onyesho la wahakiki, na maswali baadaye," akasema. "Mlete Nukta. Mkae mbele."

"Nije kujitazama nikikimbia?"

"Njoo, Baba Nukta. Nakuomba."

Nikaenda. Nilivaa shati la harusi yetu, kwa sababu kama ni kuzikwa, basi nizikwe nimependeza.

Na mchezo ulikuwa mzuri, jamani. Hilo ndilo lililoniuma. Binti anatolewa nyumbani na begi la shule, baba mtu anafunga mlango taratibu bila hata kupiga kelele. Niliujua mlango ule. Machozi yalinitoka nikiwa bado na hasira, na sijui kama umewahi kulia kwa namna hiyo. Kisha akatokea yule jamaa wa kuniigiza mimi, akafungasha nguo, akamtazama mtoto wa bandia, akatoka. Alikimbia vizuri sana, siwezi kumnyima haki yake.

"Baba, huyo anakwenda wapi?" Nukta akaninong'oneza.

"Anakimbia."

"Kwa nini?"

"Ndiyo kazi aliyopewa."

Makofi yalipoisha taa zikawashwa, waigizaji wakapanga viti, na yule mhakiki aliyeusifu mchezo akasimama. Mama wa makamo, sauti ya upole. Si mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yana uzito.

"Hongera, binti," akasema. "Nguvu ya mchezo huu ni kwamba hukutudanganya. Ungemfanya yule kijana abaki, ungetupa pipi. Umetupa ukweli."

Watu wakapiga makofi. Mke wangu akachukua kipaza sauti. Nilimwona anavyokishika, kama anashika mpini wa jembe.

"Asante, mama. Lakini umekosea, na mimi ndiye niliyekukosesha. Kijana yule alibaki."

Akakisogeza kipaza sauti karibu zaidi na mdomo.

"Nilimwandika akibaki. Nikaambiwa hauziki. Nikamtoa, nikaacha bango liseme kisa cha kweli. Huo ndio uongo pekee katika mchezo huu, na ndio mliousifia ukweli."

Mwongozaji akasogeza kipaza sauti chake. "Tuchukue swali lingine."

"Sijamaliza."

Mhakiki hakukasirika. Akasema, "Binti, hata kama wako alibaki, wengi hukimbia. Sanaa inasema habari za wengi."

"Wengi wana watu wa kuwasema, mama. Waliobaki nani anawasema? Kuna vijana leo wana mtoto mkononi, na kila wakitazama jukwaa wanaonyeshwa mlango tu. Wa kwangu yuko mstari wa mbele. Hajawahi kuuona mchezo huu mpaka leo, kwa sababu kila nikiigiza habari za kukimbia kwake, yeye yuko nyumbani anamlaza mtoto wetu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akakatiza kicheko katikati. Mke wangu hakuwa akimtazama mhakiki tena. Alishuka ngazi, akaja mpaka tulipo, akachutama mbele ya Nukta bado ana kipaza sauti.

"Mama ndiye aliyesema uongo," akamwambia. "Baba hakwenda popote. Hakurudi, kwa sababu hakuondoka."

Nukta akamtazama, akanitazama mimi. "Baba aliniambia," akasema.

Mke wangu akasimama. "Kuanzia onyesho lijalo, anabaki."

"Basi tafuta jukwaa lingine," mwongozaji akasema.

"Nitatafuta."

Akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akanipa mkono, tukatoka watatu. Nilikuwa na hotuba nzima ya hasira niliyoiandaa wiki ile. Sijui niliidondosha wapi, labda pale mlangoni.

"Umepoteza ukumbi," nikamwambia njiani.

"Ningepoteza nini kama nisingeupoteza?"

"Bado nina kinyongo kidogo."

"Kaa nacho. Nitakisubiri kiishe."

Mwalimu ndiye aliyetuombea ukumbi wa shule aliyofundisha. Waigizaji karibu wote walimfuata mke wangu, hata yule mkimbiaji. Alikuja kibandani kwangu nimfundishe kunyoa na mbeleko mgongoni. Nilimfunga mtoto wa bandia, akaanza, na mtoto akateleza mpaka kichwa chini.

"Umemuua," nikamwambia. "Inama kidogo, mpandishe, kaza fundo kifuani. Halafu uangalie kiwiko chako. Wateja wana masikio."

Ulipochezwa upya, mama yangu alikuwa upande mmoja wa Nukta, mimi upande wa pili. Kijana aliposhika mashine jukwaani na mtoto mgongoni, vijana wa mtaa walipiga miluzi ileile ya zamani. Safari hii walikuwa wamesimama kwa heshima.

"Kumbe ulikuwa unanibeba hivyo," Nukta akasema.

"Hivyo hivyo."

"Nilikuwa mzito?"

"Sana."

Mhakiki naye alikuja. Uhakiki wake ukatoka baada ya siku chache, na hakutupendelea hata chembe. "Nusu ya kwanza inauma," aliandika. "Nusu ya pili haiaminiki. Kinyozi mwenye mtoto mgongoni ni ndoto tamu ya mwandishi." Nikaichapisha sentensi hiyo kwa herufi kubwa, nikaibandika kibandani juu ya kioo, mahali ambapo kila mteja ataisoma apende asipende. Mwalimu hulisoma bandiko lile kila akija kunyolewa, kisha humgeuzia sikio lake lenye kovu mteja yeyote aliye karibu, hata kama hajaulizwa.

Jana mke wangu alipita kunichukua. Akasimama chini ya ile karatasi, Nukta amemshika sketi.

"Haiaminiki," akasoma. "Wanasema ningebadilisha mwisho, ukumbi mkubwa ungetufungulia tena. Unasemaje, Baba Nukta? Nibadilishe?"

Nikafuta mashine, nikaitundika.

"Badilisha," nikamwambia, "uone kama sitakimbia kweli."