Jibini la Vroni

Kila asubuhi wanafunzi wa Bi. Zirngibl huvua viatu mlangoni, huvipanga kwenye rafu na kuvaa ndala za ndani. Jumatatu ile harufu iliwapokea wakiwa bado koridoni, harufu nzito ya kitu kilichooza. Leni aliziba pua kwa skafu.

"Jamani, kuna panya kafia humu?"

"Panya gani! Viatu vya Xaver hivyo," akasema Korbinian. "Si analala na ng'ombe huyo!"

Wote wakacheka. Xaver, ambaye kila alfajiri humsaidia baba yake kukamua ng'ombe, aliinama akanusa viatu vyake. Akavitoa nje, akaviweka kwenye theluji. Hata hivyo hakuna aliyekubali kukaa naye.

Vroni aliona yote, akauchuna. Alijua fika kinachonuka. Walikuwa wakijifunza kitenzi cha Kijerumani laufen, yaani kwenda au kukimbia, na kila mmoja alitakiwa alete mfano. Kwa Kijerumani mtu hukimbia, pua yenye kamasi hukimbia, na jibini likiiva hadi kuchuruzika, nalo hukimbia. Ijumaa Vroni alikuwa ameficha jibini nyuma ya rafu, juu ya bomba la kupashia joto, ili liive. Liliiva kupita kiasi! Lakini kimya chake kilitia kinyaa kuliko jibini lenyewe.

Bi. Zirngibl aliingia akafungua madirisha yote.

"Kitenzi hiki ni cha mwendo," alianza, "kwa hiyo katika wakati uliopita Kijerumani hutumia kitenzi kisaidizi 'kuwa', si 'kuwa na'. Nani ana mfano?"

Xaver alinyoosha mkono, machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, naomba niende nyumbani nikaoge."

Hapo Vroni akashindwa kuvumilia.

"Xaver hanuki, Mwalimu! Ni jibini langu, nililileta liwe mfano."

Akalivuta kutoka nyuma ya rafu. Ute wa manjano ukamchuruzika vidoleni mpaka ndani ya mkono wa sweta. Korbinian nusura atapike.

"Mfano wako ni sahihi, Vroni," alisema Bi. Zirngibl. "Ila ulijua ukweli, ukamwacha mwenzako aaibike. Nanyi mlimhukumu kwa kazi ya baba yake. Aibu kwenu! Mtu akisingiziwa nawe unajua, sema papo hapo."

"Nisamehe, Xaver," alisema Vroni.

Alinawa kwa sabuni mara kadhaa, lakini harufu haikutoka. Aliporudi, wenzake walimkwepa. Ni Xaver tu aliyejisogeza kwenye benchi lake, akampisha Vroni akae naye.