Nati ya Sita

Jumanne, tarehe 14 Mei. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi kavu, mbingu haina wingu hata moja, na upepo wa kusini ulipeperusha vumbi jekundu kutoka barabarani hadi kwenye nguo zilizoanikwa nyuma ya gereji.

Tegan Brophy, msichana wa miaka kumi na miwili, aliamka mapema kama kawaida yake. Alilisha kuku, akamchemshia bibi yake chai, akapaka mkate siagi, kisha wakainamisha vichwa na kumwomba Mungu awalinde siku hiyo. Wazazi wake walifanya kazi mgodini, wiki mbili huko, wiki moja nyumbani. Walipokuwa mbali, Tegan alikaa na Bibi Edith na Shangazi Noelene, dada ya baba yake. Shangazi ndiye fundi pekee wa magari katika mji mdogo wa Coolamurra. Ukitoka hapo, gereji nyingine iko kilomita mia mbili na themanini, na njia nzima ni vumbi na changarawe.

Bibi Edith alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili.

"Huyo aliyepita mlangoni ni kuku au ni jirani?" aliuliza, akipapasa kikombe chake.

"Ni kuku, Bibi."

"Afadhali. Nilikuwa nimeshamsalimia."

Walicheka, lakini Tegan alijua mzaha huo ulificha huzuni. Bibi hakuweza tena kusoma Biblia yake. Daktari wa macho alifika hospitali ya wilaya mara mbili tu kwa mwaka, na zamu ya Bibi ilikuwa kesho yake, Jumatano, saa nane mchana. Akiikosa, angesubiri hadi Novemba. Wa kumpeleka alikuwa mzee Clarrie, mpeleka barua, mwenye gari refu la magurudumu manne yanayovuta.

Shida ni kwamba gari hilo lilikuwa na ugonjwa. Likifika mwendo wa kilomita themanini kwa saa na kugonga tuta, magurudumu ya mbele yalianza kucheza kushoto na kulia kwa nguvu, na usukani ukamtoka mzee mikononi mpaka gari lisimame.

Tegan alipotoka shule alimkuta Clarrie gerejini akibishana na Shangazi.

"Noelene, usinisumbue. Nifungie tu ile shokomzoba kubwa ya usukani, niende zangu. Jamaa yangu alifunga, gari likatulia kama maji mtungini."

"Clarrie, ukiumwa jino unameza dawa ya maumivu, halafu unasema jino limepona?"

"Jino lenyewe nimebaki nalo moja. Siwezi kulifanyia majaribio."

"Basi keti ndani, zungusha usukani huku na huku. Tegan, njoo chini na tochi."

Tegan alilala chali chini ya gari. Shangazi alimwonyesha chuma kirefu kinachoshikilia ekseli ya mbele isiende kushoto wala kulia.

"Weka vidole hapa kwenye kiungio. Unahisi nini?"

"Kinacheza, Shangazi."

"Na hapa?"

"Hapa pia."

"Huo ndio ugonjwa. Bushi, hizi mpira za ndani ya viungio, zimelika zote, na viungio vya usukani vimelegea. Nikimfungia shokomzoba kubwa, nitakuwa nimeuficha. Shokomzoba itavumilia mwezi mmoja, miwili, kisha ichoke. Siku hiyo mtikisiko utarudi mara mbili, naye yuko kwenye mwendo."

Kazi ikaanza. Shangazi alitoa bushi kuukuu na kuingiza mpya, akabadilisha viungio vyote, na mahali pa fimbo ya usukani, ambayo ilikuwa imepinda, akafunga nyingine nene zaidi. Tegan alimpa spana, akafuta grisi, akazungusha nati kwa mkono. Miezi sita mizima alikuwa amefundishwa kazi hiyo, na leo Shangazi alimwambia jambo alilolingoja siku zote.

"Nati sita za mwisho ni zako. Hazikazwi gari likiwa juu ya jeki, ila likiwa limekanyaga chini na uzito wake wote, la sivyo bushi zitajikunja na kupasuka. Tumia spana ya kipimo mpaka ilie tak, ndipo nati imekazwa ipasavyo. Ikilia, paka mstari mweupe kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Kabla ya kulia, brashi usiiguse. Sawa?"

"Sawa, Shangazi!"

Barabara za huko zina mikunjo kama bati la nyumba, na mtetemeko wake hulegeza chochote ambacho hakikukazwa sawasawa. Kwa hiyo kila fundi hupaka mstari huo. Dereva akisimama njiani, huchungulia tu: mstari ukiwa umenyooka, nati haijasogea, ukiwa umekatika, imelegea. Hakuna anayeuliza zaidi.

Shangazi alilishusha gari, kisha akaitwa nje kumtilia mteja mafuta. Tegan alikaza nati ya kwanza. Tak. Ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, zote zililia. Ya sita ilikuwa imejificha nyuma ya ekseli. Kuifikia ilibidi alale kwenye sakafu yenye baridi na kuvuta spana kwa mikono yote miwili. Alijaribu mara moja, ikamteleza na kumchubua vidole.

Hapo hapo sauti za rafiki zake zikasikika getini.

"Tegan! Mazoezi ya mpira yameanza! Au umeshakuwa bibi wa grisi?"

"Mwacheni, anaolewa na gari!"

Tegan aliitazama ile nati. Aliigusa kwa kidole, akaona kwamba imebana kiasi. "Nitaikaza kesho asubuhi," alijiambia. "Mzee Clarrie haji kabla ya saa mbili na nusu." Akachovya brashi, akapaka mistari sita.

Alipokuwa akipanda baiskeli, Shangazi alirudi, akainama, akaona mistari yote sita.

"Zote zimelia?"

"Ndiyo, Shangazi," alijibu Tegan, na akakanyaga pedeli haraka ili asiulizwe tena.

Asubuhi ya Jumatano, jua halijachomoza, mkono uligusa paji lake la uso kitandani.

"Tegan, mama, mimi nakwenda. Uniombee."

"Safari njema, Bibi," alijibu akiwa usingizini. Kisha akafumbua macho. Bibi anakwenda? Sasa hivi?

Alitoka mbio bila viatu. Taa nyekundu za gari la Clarrie zilikuwa zikikata kona ya mwisho ya mji. Shangazi alikuwa amesimama barabarani akipunga mkono.

"Clarrie amewahi, ana vifurushi vya dawa vya kushusha njiani," alisema. "Mbona unahema hivyo? Si umeagana naye?"

"Nimeagana," alisema Tegan.

Wakaingia ndani. Shangazi akakaanga mayai, Tegan akaketi mbele ya sahani. Labda imebana ya kutosha, aliwaza. Labda itafika. Nikisema, sitaruhusiwa tena kugusa spana maisha yangu yote. Alijaribu kumwombea Bibi kama alivyoombwa, lakini kila alipofumba macho aliuona mstari mweupe. Angemwambiaje Mungu ailinde nati ambayo yeye mwenyewe amekataa kuikaza? Dakika ishirini zilipita hivyo.

"Shangazi," alisema hatimaye. "Nati ya sita sikuikaza. Ile ya nyuma. Nilipaka rangi tu."

Shangazi Noelene aliweka uma mezani. Uso wake ulipauka. Alisimama, akavuka ua, na Tegan akamfuata mbio hadi gerejini, kwenye redio kubwa yenye mlingoti mrefu juu ya paa. Simu za mkononi hazifiki huko njiani. Redio hufika kilomita arobaini, baada ya hapo ni ukimya.

"Clarrie, Clarrie, unanisikia? Simama! Clarrie!"

Mkoromo tu.

"Ameipunguza sauti," alisema Shangazi. "Siku zote huwapunguza sauti madereva wa malori, anasema wana domo." Akabonyeza tena. "Yeyote aliye barabara ya mashariki, anisikie. Hapa ni gereji ya Coolamurra."

Sauti nzito ikajibu. "Noelene, ni Stav. Nakuja kwenu na lori la mabehewa matatu ya ng'ombe. Kuna nini?"

"Unamwona Clarrie?"

"Naona vumbi lake mbele, anakuja upande wangu. Kasi kama ana harusi."

Shangazi alimkabidhi Tegan kipaza sauti. "Sema wewe. Wewe ndiye unayejua."

Tegan alikishika kwa mikono miwili. Alijua kwamba mashamba yote ya ng'ombe, malori yote na nusu ya mji husikiliza redio hiyo wakinywa chai ya asubuhi.

"Bwana Stav, ni Tegan Brophy. Tafadhali msimamishe. Nati ya chuma cha ekseli ya mbele haijakazwa."

"Una hakika, binti? Nikisimamisha mzigo huu katikati ya barabara, isiwe ndoto umeota."

"Nina hakika. Kazi ilikuwa yangu. Nilipaka rangi bila kukaza, kisha nikadanganya. Bibi yangu yumo ndani ya gari."

Kisha Stav akasema kwa upole, "Sawa. Nawasha taa zote."

Walisubiri. Shangazi alikuwa ameufumba mkono wake juu ya mkono wa Tegan, na midomo yake ilikuwa ikisogea katika sala isiyosikika. Sauti ya mwanamke wa shamba la mbali ikapita redioni, "Tuko pamoja nawe, mwanangu." Kisha Stav akarudi.

"Amesimama. Ananitukana, lakini amesimama."

Walipofika na gari la gereji, walimkuta Bibi Edith ameketi kwenye kiti cha kukunja kando ya barabara, amefunikwa blanketi la Stav, anakunywa chai ya Stav. Clarrie alikuwa amepiga magoti akichungulia chini ya gari lake.

"Noelene, njoo uone. Nati imebaki nyuzi mbili tu za bolti idondoke. Usukani ulikuwa umeanza kutetema, mimi nikadhani ni mikunjo ya barabara. Na mbele hapo ndipo mteremko wa korongo."

Kila mtu alijua mteremko huo.

Tegan alimwendea bibi yake, akapiga magoti kwenye changarawe. "Nisamehe, Bibi. Ningekuua."

Bibi alikipapasa kichwa chake, akakishika kwa mikono miwili. "Nimekusikia kwenye redio ya huyu bwana. Nimekusamehe kabla hujafika. Haya, inuka ukatengeneze, mimi nina miadi na daktari."

Shangazi alikagua tundu la bolti kwa tochi, akaona halijapanuka. Akatoa bolti mpya na nati mpya. Kisha akampa Tegan ile spana ya kipimo. Tegan alilala chini kwenye vumbi lenye baridi, akaegemeza miguu kwenye gurudumu, akavuta kwa nguvu zake zote. Mara ya tatu spana ikalia. Tak. Shangazi aliirudia mwenyewe, ikalia tena, kisha akakagua nyingine tano. Zote zilikuwa sawa. Mstari wa sita Shangazi aliupaka kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa saa mbili kasorobo. Muda ulikuwa bado upo.

Mchana huo Tegan hakula. Baada ya shule aliketi kando ya simu ya gereji. Stav, ambaye alikuwa amelala saa chache ndani ya lori lake, alisimama karibu na pampu akijaza mafuta. Simu ilipolia, Shangazi aliiweka juu ya meza, sauti wazi.

"Tumefika saa sita," alisema Clarrie. "Gari halikutikisika hata kidogo, nilishika usukani kwa vidole viwili. Jicho la kwanza limeshafanyiwa upasuaji. Huyu hapa mwenyewe, amefungwa bandeji kama haramia."

"Tegan yupo?" iliuliza sauti ya Bibi.

"Nipo, Bibi." Tegan alianza kulia, na hakuyafuta machozi.

Shangazi Noelene alivuta kiti, akaketi mbele yake.

"Nisikilize. Clarrie hakulala chini ya gari kukagua. Bibi yako hata mstari wenyewe hauoni. Wote wawili waliniamini mimi, na mimi nilikuamini wewe, kwa sababu ya rangi kidogo tu. Kazi yetu ni hiyo. Watu hukabidhi roho zao kwa kitu tulichokifanya wakiwa hawapo. Nati ngumu si dhambi, na kuchoka si dhambi. Ungeniambia 'imenishinda,' tungeikaza pamoja kwa dakika moja. Kilichotaka kutuua ni ile 'ndiyo' uliyonipa ukiwa juu ya baiskeli. Na kilichotuokoa ni kwamba umesema kweli, ingawa ilikuaibisha mbele ya barabara nzima. Kwa hilo najivunia wewe. Lakini brashi hutaigusa mpaka nikuone uko tayari."

"Ndiyo, Shangazi. Ni haki."

"Hebu subiri," alisema Stav kutoka mlangoni, kofia mkononi. "Kosa tumelisikia sote. Hatusikii na ahadi?"

Tegan alisimama. Alimtazama Shangazi, akamtazama Stav, kisha akainama karibu na simu ili Bibi na mzee Clarrie wasikie vizuri.

"Naahidi mbele yenu wote, na Mungu anisaidie," alisema. "Kazi ambayo sijaimaliza, nitasema sijaimaliza, hata nikiulizwa na nani, hata nikichekwa na nani."