Pikipiki ya Mume Wangu Ilizimika Ng'ambo ya Bonde

Nina miaka ishirini na tisa, mama wa mtoto mmoja, fundi cherehani. Wasomaji wenzangu, naandika haya huku nimesimama, maana kukaa nimeshindwa. Nikikaa nainuka, nikilala nageuka... Mnivumilie.

Idrisa nilimpata kwenye harusi ya jirani huko Goba, alikuja kufunga taa. Ni fundi umeme wa majumbani. Aliniambia kwao ni Newala, wazazi wamefariki, ndugu wa karibu hana. Nikamwonea huruma. Tukaanza kuishi pamoja, mambo ya posa tukasema yatakuja. Akazaliwa Nasra wetu, yakawa bado yanakuja!

Mama yangu kule Mbagala hakuchoka kuniuliza, "Mwanangu, kwa huyo bwana nani anakujua?" Nami nilikuwa nakasirika. Nilimwona hanitakii mema, mama yangu mzazi!

Kazi za Idrisa zilikuwa za kuhamahama. Leo ana saiti Mbagala, kesho Pugu, mara nyingi analala huko huko. Pikipiki yake ilikuwa ya kimya, ikitoka getini huisikii tena. Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Jumamosi moja akaja na ekzosi mpya. Ile ya kelele, bomba fupi linang'aa kama sufuria la dukani. Alisema vijana wote wa saiti wameshafunga, yeye tu ndiye amebaki mshamba.

"Mama Nasra, njoo unishikie hapa."

Nikaacha cherehani. Nati za ekzosi ya zamani zilikuwa zimeshika kutu, tukazimwagia oili, tukasubiri, akavuta spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Lile bomba jipya nililishikilia mie, yeye amelala chini anakaza. Tulicheka sana siku ile. Nilijiona mke kwelikweli!

Alipowasha... Mungu wangu! Kuku wakatawanyika. Mama Mushi, mwenye nyumba wetu, akatoka na mwiko mkononi.

"Baba Nasra! Hiyo ni pikipiki au mashine ya kusaga?"

Idrisa akacheka tu, akazidi kuvuta mafuta.

Jumatatu akaniaga kwamba ana saiti Mbagala na atalala huko. Nikarudi barazani kushona. Nyumba yetu ilikuwa juu ya kilima, chini yake bonde, na ng'ambo kilima kingine chenye nyumba mpya mpya. Nikawa namsikiliza kwa raha. Nikamsikia anashuka bondeni. Badala ya kwenda upande wa barabara kubwa, mlio ukaanza kupanda ng'ambo. Ukapanda, ukapanda... ukazimika.

Nikangoja uwake tena. Haukuwaka.

Asubuhi yake ndipo ukawaka, pale pale! Baada ya muda mfupi Idrisa akaingia, akakaa kunywa chai, akanisimulia foleni aliyokutana nayo akitoka Mbagala. Foleni, jamani! Nikammiminia chai nyingine. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Tangu hapo sikutulia. Nilimshonea mteja gauni, mikono nikaiweka nje ndani. Nilikuwa nikitoka, nikiingia, nikisimama mlangoni kusikiliza. Kila alipoaga anakwenda mbali, mlio ulifia kilima kile kile, karibu na nyumba yenye tangi la maji la bluu. Aliyekuwa juu ya pikipiki hakuwaza kelele zake zinafika wapi.

Siku moja, mlio ulipoelekea barabara kubwa nikajua amekwenda kazini kweli, nikambeba Nasra, nikavuka bonde.

Kwenye nyumba ya tangi la bluu nilimkuta mwanamke wa umri wangu anafua, mimba imeshakuwa kubwa. Kabla sijabisha hodi akaniona, akafuta mikono, akanijia anatabasamu.

"Karibu wifi! Jamani, leo umekuja mwenyewe!"

Wifi?

Akanivuta mkono, akanikalisha kwenye mkeka. Alisema anaitwa Zuwena, kwamba Idrisa alimwonyesha picha yangu kwenye simu. Mie ni dada yake! Dada yake mkubwa, mwenye mume mkali asiyependa wageni, ndiyo maana hakuwahi kuletwa kunisalimia. Yeye alikuwa ameolewa kwa ndoa, wazazi wake walihudhuria...

Nasra ndiye aliyeongea. Alinyoosha kidole kwenye kamba ya nguo.

"Mama, shati la baba!"

Zuwena akacheka. "Hapana mwanangu, hilo la mjomba."

"La baba!" Nasra akaanza kulia.

Cheko likamkauka Zuwena usoni. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, pua ile ile ya Idrisa, macho yale yale. Hakunitukana. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Dada... wewe ni nani?"

Nikamwambia. Tukalia wote, yeye ameshika tumbo, mie nimeshika mtoto.

Tukiwa hapo tukausikia mlio bondeni. Unapanda. Idrisa akatokea kwenye kona, akatukuta kwenye mkeka mmoja. Nasra akakimbia, "Baba!" Unajua alifanya nini? Hata hakuzima. Aligeuza pikipiki, akaondoka, mtoto amebaki amenyoosha mikono kwenye vumbi!

Simu akazima. Wazazi wa Zuwena walikuja kumchukua binti yao, wao wana wasimamizi wa ndoa wa kuwadai majibu. Mie ningemdai nani? Kwao simjui mtu, posa haikuja, shahidi sina. Mtaani wakaanza kunicheka kwamba nimeiba mume wa mtu. Nikafunga cherehani yangu, nikarudi Mbagala kwa mama. Alinipokea Nasra mikononi, hakuniuliza lolote, na hilo liliniumiza kuliko maneno.

Dada zangu, wadogo zangu, nawasihi! Mwanaume asiyekupeleka kwao msihamie kwake kwa huruma. Muulizeni mapema, na akikasirika muulizeni tena. Na mkisikia jambo haliko sawa, msilimezee na chai kama nilivyofanya mie.

Jana alinipigia kwa namba ngeni. Akasema amebadilika, anataka kuja kumwona mtoto, anataka turudiane. Nilikata simu, lakini namba sijaifuta... Nimeandika yote haya ili nikimaliza niweze kuifuta. Niombeeni!