Bustani Iliyofunikwa Nyasi

Kila asubuhi, tangu aliporudi kutoka matibabuni mwezi wa Februari, Orysia Hnatiuk alikalishwa. Mumewe, Wasyl, alimshika mkono kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha jikoni. Alimfunika blanketi magotini. Alimwekea sahani ya pyrohy, vibumba vya unga vilivyojazwa viazi na kukaangwa kwa siagi, walivyoletewa na akina mama wa kanisa. Kisha aliwasha sigara yake papo hapo na kusema, "Tulia, mama. Kazi yako ni kupona."

Orysia alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Alikuwa ameugua limfoma, saratani ya damu inayovamia tezi. Kwa miezi sita alikaa kwa dada yake mjini Saskatoon, karibu na hospitali, akitiwa dawa kali mshipani. Dawa zilifanya kazi, na daktari hakuona tena dalili za ugonjwa. Lakini nyumbani alitunzwa kama yai. Akishika ufagio, alinyang'anywa. Alivumilia kwa sababu ya tumaini moja: theluji ikiisha, angerudi bustanini mwake nyuma ya nyumba, alikolima bitiruti, kabichi na karoti kwa miaka thelathini na minane.

Theluji iliyeyuka katikati ya Aprili. Orysia akachungulia dirishani. Hakuona matuta. Aliona nyasi, tambarare kutoka ua hadi ua.

"Wasyl," aliita polepole. "Bustani yangu iko wapi?"

Wasyl alikohoa. "Nilitaka iwe zawadi. Ulipokuwa mjini nilinunua nyasi, zikaja zimekunjwa kama mikeka, nikazitandaza. Sasa huna haja ya kuinama tena."

"Nani alikuambia nimechoka kuinama?"

"Umeumwa, mama. Nyasi hazitakudai kitu."

"Umeifukia bustani yangu. Na mimi je? Ulikuwa umenitengea shimo upande gani?"

Orysia alilitupa blanketi, akatoka nje, akachukua sepeto bandani. Hakuvaa glavu. Alizichimba zile nyasi kwa hasira, akayang'oa mapande kwa mikono mitupu na kuyarusha upande wa dirisha la jikoni. Kabla dakika kumi hazijatimia, pumzi zilimwishia. Magoti yalimlegea, akaanguka matopeni.

"Si nilikuambia?" Wasyl alimkimbilia. "Umerudi. Ule ugonjwa umerudi."

Neno hilo ndilo lililomkata Orysia maini, kwa maana naye alikuwa amekwisha kuliwaza.

Wasyl alimwita jirani yao, Colette Arcand, muuguzi aliyefanya kazi miaka mingi na watu waliopona saratani. Colette alimpima joto na mapigo ya moyo, akapapasa shingo na makwapa.

"Una homa siku hizi? Unatokwa na jasho jingi usiku? Umepata uvimbe? Umekonda bila sababu?"

"Kukonda? Nimenenepa kilo tisa, Dada Colette. Muulize huyu mnenepeshaji."

"Kesho mtakwenda kupimwa damu. Hatubahatishi. Lakini ninavyokuona, kilichokuangusha ni kiti."

Vipimo vilionyesha kuwa damu yake ilikuwa salama, na kinga ya mwili ilikuwa imerudi vizuri. Jioni hiyo Colette alikuja tena. Wasyl alikuwa akiwasha sigara. Colette akaichukua mdomoni mwake na kuizima chini ya bomba.

"Mzee, unamkataza mkeo sepeto, halafu unamfukiza moshi? Una akili timamu wewe?"

"Nampenda mke wangu," Wasyl alisema.

"Sikuuliza hilo. Moshi haujui kama unapenda. Ukivuta, vuta mbali na nyumba hii, na njoo kliniki tukusaidie kuacha." Alimgeukia Orysia. "Na wewe usicheke. Ulichimba udongo mikono mitupu. Kinga yako imetoka vitani. Glavu kila siku. Ukigeuza mboji au udongo mkavu, vaa barakoa. Kofia kwa ajili ya jua. Ukimaliza, nawa kwa sabuni. Ukipata homa, usingoje asubuhi, piga simu."

"Kwa hiyo nilime?"

"Utalima, ila si leo. Mwili uliokalishwa miezi minane husahau kazi. Uchovu wa dawa hauondoki kwa kulala mchana kutwa. Unapungua kwa kujongea kidogo kila siku. Anza na dakika kumi za kutembea. Wiki ijayo ongeza mbili. Mara mbili kwa wiki, inuka na keti kitini mara kumi bila kushika popote."

"Na wengine wote waliougua saratani ya damu wafanye hivyo?" Wasyl aliuliza.

"Kila mtu na kipimo chake. Kuna saratani za damu zinazodhoofisha mifupa. Mtu wa namna hiyo asinyanyue kitu kizito kabla daktari hajamruhusu. Na hizi pyrohy, mzee, si dhambi. Ila nusu ya sahani iwe mboga."

"Akina mama wa kanisa watakasirika."

"Nimekasirika mimi kwanza," Orysia alisema. "Wangoje zamu yao."

Wiki iliyofuata Orysia alitembea hadi sanduku la barua. Kufikia katikati ya Mei alifika ghala la ngano kando ya reli, akarudi. Wasyl, akitafuna ubani badala ya sigara, alizikata nyasi mwenyewe kipande kwa kipande na kuzirundika nje ya ua. Orysia alisimama kando yake akihesabu matuta mapya. Hakumsifu hata mara moja.

Kiangazi kile walikula mboga zao wenyewe. Orysia alipungua kilo sita, akalala vizuri, na hakukosa miadi yoyote kliniki. Daktari hakumwahidi kuwa ugonjwa hautarudi kamwe. Hakuna awezaye kuahidi hilo. Alimwambia kuwa ana nguvu zaidi kuliko alivyokuwa Aprili, naye Orysia alilijua hilo magotini mwake.

Mwishoni mwa Septemba, kabla ardhi haijaganda, aliinama kupanda vitunguu saumu. Wasyl alimshikia ndoo.

"Mama, umeshanisamehe?"

"Bado. Sogeza ndoo."

Wasyl akaisogeza. "Tutavila lini hivi?"

"Agosti mwakani," Orysia alisema, akakishindilia kitunguu udongoni kwa kidole gumba.