Vipimo vya Kisima na Samaki wa Babu

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi hata punje moja, miwani hii ipasuke usoni pangu. Mmeona? Mizima.

Kila asubuhi kabla ya kengele, mjukuu wangu na rafiki yake, tuliyemwita Kijiti kwa wembamba wake, walishusha kamba yenye jiwe kwenye kisima cha shule wakapima kina cha maji. Kisha mjukuu wangu aliingiza kipimo kwenye hifadhidata ya tovuti ya klabu yao. Walikuwa na vipimo vya siku mia mbili na kumi na nne. Ijumaa wangewaonyesha wazazi kwamba maji yanapungua, ili bustani ya shule iache kumwagiliwa maji ya kisima kile.

Tovuti ilikuwa kwenye seva ya kuchangia, kama chumba katika nyumba ya wapangaji wengi: nafasi yako ni ile ile, ukiijaza umeijaza. Nenosiri tulilijua watatu: wao wawili, na mimi, niliyejifundisha kompyuta mwenyewe baada ya kustaafu.

Jumatatu mjukuu wangu alikuta vipimo vya miezi mitano havipo. Akaniuliza kama nimegusa kitu. Nikasema sijagusa. Tena nikaongeza, kwa sauti ya huruma, kwamba siri huvujishwa na watu wa karibu.

Kesho yake alimwita Kijiti msaliti mbele ya darasa zima. Kijiti alichukua mkoba wake akahamia dawati la nyuma.

“Nilimwamini kuliko ndugu, babu,” mjukuu wangu aliniambia jioni, macho yamevimba. Nami nikaendelea kunywa chai.

Jumatano mwalimu wa kompyuta alikuja nyumbani. Aliniamkia kwa heshima nyingi mno, nikajua mambo yameharibika. Alikuwa amesoma kumbukumbu za seva. Jumapili saa nne asubuhi, kompyuta ya sebuleni kwetu iliingiza picha thelathini kwenye hifadhidata. Saa tano ikafuta vipimo. Saa tano na nusu ikafuta vingine.

“Mzee, huyu samaki ni wa nani?” aliuliza, akinionyesha mojawapo ya picha hizo.

Nikasema ni wangu, nilimvua mwenyewe, alikuwa mrefu kuliko kabati.

“Mbona kidole gumba chako kimemfunika kichwa?”

Ikabidi niseme. Nilitaka watu wamwone samaki wangu. Nafasi ikajaa, nikafuta vipimo vichache vya zamani. Bado imejaa, nikafuta zaidi. Mwalimu akaeleza kwamba vipimo vya mwaka mzima havifikii uzito wa picha moja, na kwamba jedwali, hata ukifuta yaliyomo, huendelea kushikilia nafasi yake mpaka ulibane. Akauliza nakala za akiba ziko wapi. Nilikuwa nikimwambia mjukuu wangu kwamba naziweka kila Jumamosi. Sikuwahi kuweka hata moja.

“Uliniona nikilia kwa ajili ya Kijiti,” mjukuu wangu, aliyesikia yote, alisema taratibu, “ukanyamaza.”

Tulikwenda kwao Kijiti wote watatu. Mjukuu wangu aliomba radhi mlangoni. Kijiti alisikiliza, akaingia ndani, akatoka na daftari la penseli alilokuwa akiandikia pale kisimani.

“Vyote vimo,” alisema. “Lakini ataviingiza babu. Na darasani aseme mwenyewe.”

Alhamisi niliandika kutwa nzima kwa vidole viwili. Mwalimu alitoa samaki wangu, akabana jedwali, akaweka nakala. Kisha akatuambia, “Hifadhidata tumeirudisha kwa siku moja. Jina la Kijiti lilichafuka kwa siku tatu, kwa sababu mtu aliyekosea hakusema mapema. Kosa lisemwe siku ile ile, kabla mwingine hajalibeba.”

Ijumaa wazazi waliona mstari wa maji ukishuka, wakakubali bustani itafutiwe maji mengine. Kabla ya hapo, asubuhi, nilikuwa nimesimama mbele ya darasa. Nikaanza kusimulia jinsi radi ilivyoipiga seva.

“Babu,” Kijiti aliita kutoka dawati la nyuma.

Nikavua miwani.

“Ni mimi,” nikasema.