Komeo la Ngome

Jua lilikuwa linazama Mwau aliponituma dukani. Mume wangu ni mchongaji, na kiwi nyeusi ya viatu ilikuwa imemwishia. Bila kiwi, mtalii ataaminije kwamba gogo lolote ni mpingo?

"Kimbia kabla Mama Jamal afunge," akasema. "Na hiyo kidole yako iliyopinda isiangushe mkebe."

Nilimsonya, nikacheka. Kidole changu cha mwisho kilibanwa na mlango nikiwa msichana, naye hachoki kukitania.

Mama Jamal, jina lake Hasina, ana duka mtaa wa pili hapa Kitui. Kwao ni pwani, mji uleule wa mahoteli na ngome ya kale ambako Mwau huuza vinyago. Nikamwambia safari hii Mwau amerudi na boriti ngumu ajabu. Mafundi waliokuwa wakikarabati ngome waliitupa. Tuliishusha kutoka kwa lori sisi wawili, yeye huku, mimi kule.

Hasina akaacha kutafuta chenji.

"Ina pete za chuma pande zote mbili?"

"Ndiyo."

Akanong'ona. "Hilo ni komeo, Kathini. La mlango wa shimo. Kabla ya mahoteli, watu wa bara walifungiwa mle wakingoja kuuzwa... na wenu walikuwamo. Aliyelinyanyua kufungua mlango alikatwa mkono na mlinzi wa shimo. Bibi yangu akisema yule mlinzi hakuzikwa. Mumeo analifanyia nini?"

"Anachonga twiga."

"Kimbia, mwanangu."

Mkebe ulianguka njiani. Sikugeuka.

Nilisikia tezo ikichonga kabla sijafika bandani kwake. Ko... ko... ko. Ndani palinuka chumvi, na kitu kilichooza.

"Mwau?"

Ko.

Alikuwa amepiga magoti, mkono wa kulia umelazwa juu ya boriti na haunyanyuki. Wa kushoto uliinua tezo huku yeye analia.

"Kathini, nishike! Si mimi!"

Nikaning'inia kwenye ule mkono kwa uzito wangu wote. Ukanitupa ukutani.

Ko.

Damu ilinirukia usoni, ya moto. Kiganja cha mume wangu kilianguka kwenye maranda, vidole vikifunga na kufungua. Na kwenye boriti hapakuwa na twiga. Palikuwa na mkono umechongwa, na kovu la Mwau kwenye kidole gumba.

Hospitalini aliniambia maneno machache tu.

"Mlinzi aliniuliza nani alinisaidia kulinyanyua komeo na kufungua. Nilikataa kusema."

Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Boriti tuliichoma, watu wa kanisa wakiimba. Nilisimama pale hadi ikawa majivu. Nikasema yameisha.

Jana homa ilimpanda Mwau. Akaweweseka, akataja jina langu kama anayemjibu mtu.

Leo jioni nimekuta maranda mapya chini ya mlango wa jikoni. Kwenye ubao wa mlango pamechongwa mkono.

Kidole cha mwisho kimepinda.