Aliyepimwa ni Modesta

Wazazi wa Mkolani na Mkuyuni, na ninyi wengine mnaopenda kusafiri na watoto, sogeeni niwaeleze yaliyotokea nyumbani kwa Jonathan Luhende. Sikuja kuwachekesha. Lakini msinitake niwe mpole pia, maana yapo mambo ambayo ukiyasimulia kwa upole unakuwa umeyasaidia.

Ilikuwa Jumapili ya Desemba, mwaka wa pili wa korona. Ibada imekwisha, sato wameliwa, mvua imekatika, na watoto wamejilaza sebuleni wanatazama katuni. Evelina alikuwa na miaka minane, mdogo wake Yakobo minne. Wa tatu aliitwa Modesta, mkubwa kidogo kuliko Evelina; mama yake, mdogo wake mke wa Jonathan, alikuwa amefariki. Huyo hakuwa kwenye katuni. Alikuwa uani anaosha masufuria.

Dorotea, mke wa Jonathan, alikuwa mpambaji wa kumbi za harusi. Kazi yake aliijua vizuri. Tatizo ni kwamba alitaka na maisha yake yaonekane kama ukumbi uliopambwa. Krismasi ile alikuwa ameiwekea familia nafasi kwenye meli ya matembezi: siku nne ziwani, kuzunguka visiwa na kurudi Mwanza. Wateja walijua, kwaya ilijua, muuza mkaa alijua. Sare za familia zilikuwa zimeshonwa, na picha za sare zimekwisha kurushwa mtandaoni hata kabla ya vishikizo kutiwa.

Basi pale sebuleni ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Wenye meli walikuwa wanakumbusha kwamba kila abiria, watoto wakiwemo, alete majibu ya kipimo cha korona kilichochukuliwa siku chache kabla ya safari.

Evelina akakohoa.

Jonathan akainuka, akamshika mtoto paji la uso. "Mama Eve, huyu ana joto."

"Mafua hayo. Mvua imemnyeshea."

"Basi akapimwe tujue."

"Na wakisema anayo?"

"Si tutaahirisha tu?"

Dorotea alimtazama mumewe kama mtu aliyeshauri nyumba ichomwe moto. "Niahirishe! Halafu wale wa kwaya niwaambie nini? Kwamba tulikuwa tunatania?"

Jonathan akakaa. Mkumbukeni huyu baba. Alikuwa mtu wa kusema neno moja la busara, akishapingwa anakaa.

Siku ya kupimwa, Evelina aliachwa kwa jirani, Mama Chenge, na Modesta akaambiwa avae vizuri. Modesta aliamini kwamba naye amehesabiwa. Njia nzima alikuwa akiuliza kama melini kuna vitanda, na kama mtu anaweza kuona samaki akiwa amelala. Hakuna aliyemkatisha. Ilikuwa rahisi kumwacha afurahi.

Kwenye kituo cha kupimia foleni ilikuwa ndefu. Yakobo alipoona kijiti chenye pamba kinaelekea puani, alipiga kelele, akampiga mpimaji teke la tumbo, ikabidi baba yake amshike mikono. Kisha ikafika zamu iliyofuata.

"Evelina Jonathan," mpimaji akaita.

Dorotea akamsukuma Modesta mbele.

"Huyo siyo Eve!" Yakobo akasema huku machozi yakimtiririka. "Huyo ni dada Mode!"

Mama yake akamfinya. "Amechanganyikiwa na kulia," akamwambia mpimaji, akacheka kidogo.

Mpimaji akainama mbele ya msichana. "Unaitwa nani, mama?"

Modesta akamtazama mama yake mkubwa. Dorotea akamkazia macho.

"Evelina," mtoto akasema.

Hakulia kijiti kilipoingia. Alifumba macho tu. Na Jonathan, aliyekuwa amesimama hatua mbili nyuma, alitoa simu akaanza kusoma matokeo ya mpira. Mtu mzima, mwenye ndevu zake.

Kesho yake Jonathan alikwenda Usagara kumchukua mama yake mzazi, akampeleka apimwe peke yake, kisha akamleta Mkolani akae nao mpaka siku ya safari. Kwa hiyo ule ujanja wa kituoni bibi hakuuona. Majibu yakatoka: wote hawana korona. Dorotea akayapiga picha, akayarusha.

Asubuhi ya safari alimnywesha Evelina dawa ya kushusha homa, ili kipima joto cha bandarini kisiseme kitu. Alipotoka chumbani akamkuta Modesta amesimama mlangoni, kavaa gauni la kanisani, mkononi kabeba mfuko wenye kanga na mswaki.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Melini, mama mkubwa. Si nilipimwa?"

Dorotea alicheka, na lile cheko majirani walilisikia. "Ulipimwa kwa jina la nani? Nenda kakae kwa Mama Chenge mpaka turudi."

Bibi alikuwa tayari garini, akauliza kwa nini mjukuu mwingine haji. Akaambiwa nafasi zilikwisha.

Siku ya kwanza melini ilikuwa ya picha. Sare ile kwenye ngazi, sare ile mbele ya visiwa, sare ile kando ya keki. Evelina alikuwa anasinzia, na kila akiinuliwa apigwe picha anajikunja kama kitambaa kilicholowa. Usiku alilala na bibi yake kitanda kimoja, kichwa kifuani.

"Mayu, mtoto huyu anaungua," bibi akamwambia mkwewe asubuhi, akimwita mama kwa Kisukuma. "Na kifua chake hakinipendezi."

"Ni upepo wa ziwa, mama. Si amepimwa?"

Waliita nesi wa meli, Sista Selina. Akauliza juu ya korona, akaonyeshwa majibu. Akapima malaria, hakuna. Akatoa dawa ya kichefuchefu, akawaambia wamnyweshe maji. Angefanya nini zaidi? Aliambiwa mlango ule umekwisha kufungwa, akatafuta kwingine.

Siku ya tatu bibi hakuinuka. Alikuwa anavuta pumzi kwa mabega, midomo imepauka. Sista Selina alipofika alimtazama mara moja tu, akaleta vipimo vya haraka, akapima chumba kizima. Bibi alikuwa nayo. Evelina alikuwa nayo.

"Sielewi," nesi akasema. "Mtoto alipimwa kabla ya safari, akawa hana."

Hapo ndipo Dorotea alipojivua nguo mwenyewe, kwa namna ya kusema. Alitoka chumbani, akaingia ukumbi wa chakula, akapaza sauti abiria wote wasikie. "Mmetuambukiza humu! Watoto wangu waliingia wazima, cheti ninacho! Meli chafu hii! Nitawashitaki!"

Abiria waliokuwa wanakula wakaweka vijiko. Wengine wakaanza kumuunga mkono, wakawageukia wahudumu. Evelina alikuwa ameketi mlangoni mwa chumba, kajifunika shuka. Alisema kwa sauti ndogo, lakini waliokuwa karibu walimsikia.

"Mama, mimi sikupimwa. Aliyepimwa ni Modesta."

Sista Selina akageuka. "Modesta ni nani?"

Dorotea akaanza kulipanga shuka la Evelina. Nesi akamtazama Jonathan. Jonathan akatazama sakafu.

"Baba, nakuuliza wewe. Mama yako anakata roho mle ndani. Huyu mtoto alipimwa?"

"Hapana," Jonathan akasema.

Nahodha aligeuza meli. Ilikuwa mwendo wa saa nyingi, na oksijeni iliyokuwemo ilikuwa ya kuokoa muda tu. Bibi alifika hospitali akiwa hai. Siku chache baadaye alifariki. Evelina alipona. Abiria wengine kadhaa waliugua, na mzee mmoja miongoni mwao alitoka wodini hawezi tena kupanda ngazi bila kupumzika.

Msiba ulikuwa Usagara. Jonathan alikaa nyuma ya nduguze, na hakuna aliyemsogezea kiti. Baada ya mazishi, Ndalahwa, mdogo wa marehemu baba yake Modesta, alifika Mkolani kumchukua mtoto. Dorotea akasimama mlangoni.

"Shemeji, huyu mtoto mimi ndiye niliyemlea."

"Nimesikia ulivyomlea," Ndalahwa akasema. "Modesta, twende."

Modesta akavaa ndala zake, akaondoka.

Mnadhani Dorotea alijuta? Mpaka leo ukimkuta dukani kwake atakuambia kwamba mama mkwe alikuwa mzee na ziwa lina baridi. Anayasema haya huku anakunja vitambaa, na wateja wachache waliobaki wanaitikia "pole" kwa sababu ya adabu.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kipimo cha mtoto hakiwekwi ili kumsumbua mzazi. Kinawekwa kwa ajili ya yule atakayelala na mtoto huyo kitanda kimoja. Mzazi anayedanganya majibu hamdanganyi mpimaji. Anamdanganya nesi atakayehitaji ukweli huo baadaye, na anamnyang'anya mgonjwa siku ambazo zingemponya. Anayemtumia mtoto wa marehemu ndugu yake kama kitu cha kuazima, halafu akamwacha mlangoni, asijiite mlezi. Nawe baba unayeona na kujifanya unasoma simu, usidhani uko pembeni. Mama yako ndiye aliyelipa ukimya wako.

Mtoto akikohoa, mpime yeye mwenyewe. Akikutwa nayo, kaeni nyumbani mumtibu, na wa kucheka acheni wacheke.